Mwalimu mkuu akihamishwa, shule inabaki na nini?

Wadau wa uzi huu, leo siandiki kama kawaida. Jumamosi nilialikwa kuongea na kikundi cha vijana kwenye ukumbi wa kanisa hapa Keroka, na mada ilikuwa ile mmekuwa mkiniuliza tangu tumalize ile ya basari: kila anayepanda jukwaani anaahidi "ubora wa elimu", sasa ubora wenyewe ni nini na unasimamiwaje? Nimeandika vile nilivyosema, nimeondoa tu vicheko na ile dakika stima ilipotea. Kanuni yetu haijabadilika: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

Wazee wetu, akina mama, vijana wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Nimepewa dakika ishirini na mwenyekiti ameweka simu mezani inahesabu, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Mimi nilifanya KCSE mwaka 2022, shule ya kutwa, Nyamira. Matokeo yalitangazwa Januari 2023. Nilipata gredi ya kunipeleka chuo, mama akachinja kuku, baba akapiga simu mpaka salio likaisha. Furaha hiyo haikumaliza wiki. Nchi nzima ilianza kutuongelea. Shule kadhaa za Kisii na Nyamira zilikuwa zimeruka juu sana, zingine zikapita shule zenye majina makubwa ya kitaifa, na watu wakasema haiwezekani. Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikaingia kuchunguza. Kwa redio, kwa matatu, kwa kinyozi, maneno yalikuwa ni yale yale: "Wakisii waliiba."

Sikuja hapa kuwaambia nani aliiba na nani hakuiba. Sina ushahidi huo na si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba nilipofika chuoni, kijana tuliyepangiwa chumba kimoja aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nyamira. Akacheka: "Ahaa, kumbe nyinyi ndio wale." Hakuwa na ubaya, mpaka leo ni rafiki yangu. Lakini siku hiyo sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba nilisoma na taa ya sola mpaka saa sita usiku? Kila mtu husema hivyo, hata aliyeiba.

Nimefikiria jambo hilo kwa miaka mitatu sasa, na nimeona shida haikuwa mimi kukosa jibu. Shule yangu pia haikuwa nalo. Hebu fikirieni shule iliyoshukiwa ikifungua kabati, ikatoa faili na kusema: huyu alikuja na alama 240 za KCPE, kidato cha kwanza alikuwa akianguka kwa sehemu, tukaona, tukafanya hivi na hivi, muhula uliofuata akafika hapa, kidato cha tatu akateleza kwa kemia kwa sababu hatukuwa na mwalimu kwa wiki tisa, tukarekebisha hivi. Miaka minne, mwanafunzi kwa mwanafunzi. Huyo mtu wa runinga angesema nini? Angetafuta shule nyingine ya kuongelea.

Naona mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua, mwalimu. Utaniambia kila shule ina orodha ya alama, tena kuanzia muhula wa kwanza. Ni kweli. Lakini orodha ya alama inasema mtoto alifanya nini. Haisemi shule ilifanya nini baada ya kuona hizo alama. Hapo katikati ndipo ubora unaishi, na hapo ndipo hakuna karatasi.

Wengi wetu hapa tumelelewa na majani chai, kwa hivyo niruhusuni nitumie mfano wa nyumbani. Ukipeleka majani kituoni, karani anaangalia kapu. Anataka majani mawili na chipukizi. Akikuta majani makubwa magumu, anayarudisha. Sasa niulize: karani anaweza kulifanya jani baya liwe zuri? Hawezi. Anaweza tu kulikataa. Uzuri wa jani ulitengenezwa asubuhi shambani, kwa mikono ya mchumaji, na miezi kabla ya hapo, kwa mbolea na kupogoa. Karani anakuja mwisho, kila kitu kimeshaamuliwa.

KNEC ni karani. KCSE ni kapu kituoni. Na sisi wananchi, tukiongea kuhusu ubora wa shule, tunasimama kituoni na karani tukibishana kuhusu kapu, halafu hakuna mtu ameenda shambani.

Haya si maneno yangu. Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, alienda Japani kufundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Japani ilikuwa imetoka vitani, imeharibika, na bidhaa zake zilikuwa zinachekwa duniani kama za bei rahisi na za kuvunjika. Moja ya mambo aliyosisitiza maisha yake yote ni kwamba kiwanda kisitegemee ukaguzi wa mwisho ili kupata ubora. Ukikagua gari likiwa limeshaundwa, umechelewa, umeshalipia kosa. Angalia kila hatua, ona linapoharibikia, rekebisha hapo, halafu rudia. Wajapani wakaliweka katika maneno manne: panga, tenda, kagua, rekebisha. Alisema pia jambo ambalo wanasiasa wetu hawalipendi: acheni kuwawekea wafanyakazi shabaha za tarakimu ambazo mfumo wenyewe hauwezi kufikia. Ukimwambia mtu "leta nambari hii la sivyo", ataileta. Usiulize tu aliipata wapi.

Nimewaona wengine mmetabasamu. Basi mmenielewa.

Sasa hapa ndipo wengi hushangaa. Hii hekima ya Kijapani haikuhitaji kuja Kisii kwa hotuba yangu. Ilishakuja, na ilikuja mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu pamoja na JICA, shirika la maendeleo la Japani, zilianzisha mradi wa kuimarisha hesabu na sayansi katika shule za sekondari. Walimu wanaujua kwa jina SMASSE. Ulianza kwa majaribio katika wilaya 9 tu, na kati ya hizo, Kisii na Gucha zilikuwemo. Gucha, jamani! Wakati huo barabara ya kwenda huko ikinyesha ulikuwa unasukuma gari.

Kabla ya kufundisha mtu yeyote waliuliza kwanza kwa nini watoto wanaanguka. Walichokipata hakikuwa maabara peke yake, ambayo ndiyo sisi tungetaja kwanza. Kulikuwa na mtazamo: mwalimu anaamini watoto hawa hawawezi, watoto nao wanaamini hesabu ni ya wachache. Kulikuwa na mbinu: mwalimu anaongea, mtoto ananakili. Kulikuwa na maudhui ambayo walimu wenyewe hawakuwa na uhakika nayo, na vifaa vilivyokosekana au vilivyofungiwa kabatini visivunjike. Kwa hivyo awamu ya kwanza ya mafunzo ilihusu mtazamo, kabla ya kushika chupa yoyote ya maabara. Walimu walikutana wakati wa likizo, wakifundishwa na walimu wenzao wa wilaya hiyo hiyo. Na kanuni waliyopewa ilikuwa: panga somo, lifundishe, litazame, liboreshe. Mwalimu mmoja anafundisha, wenzake wamekaa nyuma wanaangalia wanafunzi, si mwalimu. Baadaye wanakaa chini: watoto walipotelea wapi? Tubadilishe nini? Na kama hakuna kifaa, tumia kilichopo: chupa ya plastiki, betri iliyokwisha, ndimu ya sokoni.

Ukilinganisha maneno yale manne ya kiwandani na haya manne ya darasani, ni ndugu wa baba mmoja.

Na nani alilipia mafunzo ya wilaya? Sehemu kubwa ilitoka kwenye karo. Pesa kidogo kutoka kwa kila mwanafunzi, zikakusanywa kwa mfuko wa wilaya. Yaani nyanya yako aliyeuza ndizi pale Daraja Mbili alipe karo ya mjomba wako, alichangia usimamizi wa ubora kabla hata hilo neno halijafika kwa manifesto ya mtu. Kuanzia 2003 mradi ukasambazwa nchi nzima, na kazi yake ikaendelezwa na kituo cha CEMASTEA kule Karen.

Mimi nilifaidika na jambo hili bila kujua. Mwalimu wetu wa hesabu, kidato cha kwanza na cha pili, alikuwa amepitia mafunzo hayo akiwa bado kijana huko Gucha. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho alitupa maswali matano. Matano tu. Jumamosi anasahihisha, na katika daftari moja la kurasa 200, lenye gamba gumu, anaandika: swali la ngapi lilianguliwa na wengi, kosa lilikuwa gani, na Jumatatu atafanya nini. Jumatatu anaanza na hilo. Baada ya wiki mbili anarudisha swali la aina hiyo tena aone kama limeshika. Siku moja nilimwona akifuta mbinu yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "hii haikusaidia." Mwalimu mzima, ameajiriwa miaka mingi, anajiandikia kosa! Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikujua ninaangalia nini.

Tulipoingia kidato cha tatu mwaka 2021, baada ya ile vurugu ya korona, alihamishwa. Ni kawaida, walimu huhamishwa. Mwalimu mwingine alikuja baada ya wiki kadhaa, kijana mzuri, mwenye bidii. Akatuuliza tumefika wapi. Tukamwambia sura ya ngapi. Hakuna aliyemwambia kwamba nusu ya darasa huchanganya ishara kwa vekta, au kwamba kuna wasichana sita nyuma wanaojua majibu lakini hawainui mkono. Hayo yote yalikuwa kwa daftari. Na daftari lilikuwa la mwalimu, alilinunua kwa pesa zake, akaenda nalo. Shule haikuwahi kuliomba, haikuwahi kupiga hata nakala.

Kwa hivyo tukaanza upya. Mwalimu mpya alihitaji karibu mwaka mzima kujua yale ambayo shule ilishayajua na ikayasahau.

Nikisikia neno "endelevu" kwa mdahalo, mimi huona lile daftari likiondoka kwa mkoba. Watu husema shule endelevu wakimaanisha miti na tangi la maji, na ni sawa, maji ni maji. Lakini shule ambayo ubora wake uko ndani ya kichwa cha mtu mmoja si endelevu hata ikiwa na matangi kumi.

Na hapa tuongee ukweli kuhusu siasa yetu ya huku. Hakuna kitu kinawasha moto Kisii na Nyamira kama mwalimu mkuu. Ni nani, ametoka wapi, ni wa ukoo gani, mfadhili wa shule ni kanisa gani na yeye anasali wapi. Tumeona wazazi wakifunga lango la shule kwa minyororo kwa sababu hawamtaki aliyeletwa. Kuanzia 2018 TSC iliwapeleka walimu wakuu wengi mbali na kaunti zao za nyumbani, na joto likapanda zaidi. Mwanasiasa akiona hiyo joto anakuja kujipasha: "Nitahakikisha mnapata mtu wenu."

Lakini jiulizeni, kwa nini tunapigania mtu kiasi hicho? Ni kwa sababu tunajua, bila kusema, kwamba mtu akiondoka hakuna kitu kinabaki. Mwalimu mkuu mzuri akija, shule inapanda. Akipandishwa cheo au akihamishwa, inashuka, na miaka mitatu baadaye tunamtafuta mwingine. Shule inaishi kama yatima anayebadilishiwa walezi. Kama taratibu zingekuwa za shule, kwamba kila darasa lina daftari lake la Ijumaa na daftari halitoki langoni, kwamba mkutano wa walimu wa kila wiki mbili unaanza na "tulisema tutabadilisha nini na kimebadilika?", basi ukoo wa mwalimu mkuu ungekuwa habari ya kahawa tu.

Mtaniuliza, kwani serikali haijajaribu? Imejaribu, tena mara nyingi, na karibu kila mara ikapata karatasi badala ya kitu chenyewe. Kuanzia 2004 taasisi za umma zilianza kuwekwa kwa mikataba ya utendakazi, na miaka iliyofuata nyingi zikakimbilia cheti cha ISO 9001. Sina ugomvi na ISO. Ukiisoma vizuri inasema kitu rahisi: andika unachofanya, fanya ulichoandika, weka kumbukumbu, rekebisha makosa. Lakini cheti hakisemi kwamba mtoto ameelewa logarithimu. Kinasema utaratibu uliouandika unafuatwa, na utaratibu mbovu pia unaweza kufuatwa vizuri sana. Mara nyingi cheti kiliwekwa fremu, kikapigwa msumari ofisini, na hapo safari ikaishia.

Mwaka 2016 TSC ikaleta TPAD, tathmini ya utendakazi wa mwalimu. Kwa wazo, ni nzuri: mwalimu ajiwekee malengo, aangaliwe akifundisha, azungumze na mkuu wake wa idara, ajiboreshe. Kwa vitendo, nyinyi mna walimu nyumbani, mmewaona mwisho wa muhula wanavyokesha kwa saiba wakipakia fomu kabla mtandao haujalemewa. Vyama vya walimu vimelalamika kwamba ni kazi ya karatasi juu ya kazi. Tofauti kati ya fomu ile na daftari la mwalimu wangu ni moja tu. Fomu inaenda juu, kwa mtu anayeweza kukuadhibu, kwa hivyo hakuna mwenye akili timamu ataandika "hii haikusaidia." Daftari lilikuwa linarudi darasani Jumatatu.

Halafu kuna ule ugomvi wa wizara na TSC, nani ana haki ya kuingia darasani kukagua ubora. Hilo mtalisikia sana kwa mdahalo. Ni swali halali la sheria, lakini mtu akilitumia dakika zake zote tano, jueni ameamua kubishana kuhusu karani gani ashike kapu.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi kwa sababu tulishaandika uzi mzima. Tangu 2018 mgao uliowekwa kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Mwaka 2025 wabunge waliambiwa wazi kwamba hazina ilikuwa inaweza kumudu kama 16,900. Na hizo zenyewe huchelewa. Kwa hivyo mtu akikuambia shule iwe na ubora bila pesa, anakudanganya. Chaki hainunuliwi kwa kanuni za Deming. Lakini pia aliyekuambia pesa zikija ubora utafuata, huyo naye muulize: daftari la kurasa 200 ni bei gani?

Sasa tuje kwa 2027, kwa sababu najua ndiyo mnangojea. Watakuja. Kila mmoja atasema ataboresha shule zetu. Kabla hujapiga makofi, angalia anagombea kiti gani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo anayetaka ugavana wa Kisii au Nyamira akiahidi kubadilisha ufundishaji wa sekondari, muulize kwa mamlaka gani. Anaweza kutoa basari, sawa. Lakini chekechea ni zake kabisa, na ni nadra kusikia mtu akiulizwa kuhusu chekechea. Mbunge naye ana CDF: madarasa, maabara, basi la shule lenye maandishi makubwa ubavuni. Vitu hivyo vinahitajika. Ila jengo ni kitu ambacho anaweza kukikatia utepe, na ndiyo maana linajengwa. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa daftari.

Kisha kuna watu ambao hatuwapigii kampeni kabisa na ndio wenye kazi hii kisheria. Bodi ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema bodi ina wajumbe 6 wanaochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii, mfadhili ana wake 3, walimu wana mwakilishi, wanafunzi pia wana nafasi ya kusikika. Na kati ya kazi zake imeandikwa kabisa, kukuza elimu bora kwa viwango vilivyowekwa. Nani hapa anajua majina ya wajumbe wa bodi ya shule iliyo karibu na kwao? Inua mkono.

Wanne. Na mmoja ni mjumbe mwenyewe.

Nimeona bodi ambazo mkutano wote ni tenda: nani ataleta maharagwe, nani ataleta kuni, nani atajenga choo. Kuni zenyewe zingekuwa somo la ubora, kwa sababu shule inayopika kwa jiko la kuokoa kuni na kuandika magunia na mizigo ya kila wiki inajua pesa zake zinaenda wapi. Lakini hakuna anayeandika. Tunagombania tenda kisha tunashangaa mtoto kala nusu chakula.

Na msiniambie hili ni la shule kubwa tu. Shule kubwa zinachagua wanafunzi. Ukipokea mtoto wa alama 400 na akapata A, wewe umefanya nini hasa? Inawezekana hukumharibu tu. Shule ya kutwa kule kijijini inapokea wa 200 na kitu, wengine wakitembea na njaa, na ikimtoa na C imefanya kazi kubwa kuliko ile ya kitaifa, ila hakuna gazeti litaandika. Serikali ilipiga marufuku kuorodhesha shule tangu 2014, na sisi tukaendelea kuorodhesha kwa WhatsApp. Tunaangalia juu ya orodha. Hakuna anayeuliza mtoto aliingia akiwa wapi na akatoka akiwa wapi, ambacho ndicho kipimo cha haki. Na sasa kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia gredi ya 10 mwezi Januari 2026, baada ya watoto kujichagulia shule na njia za masomo. Walichagua kwa kufuata majina. Shule ndogo isiyoweza kuonyesha inachofanya na mtoto haitachaguliwa, na shule isiyochaguliwa hupungukiwa na mgao, kwa sababu mgao unafuata kichwa cha mwanafunzi, na ikipungukiwa na mgao inaharibika kweli sasa. Shule nyingi hizi zilijengwa kwa harambee, na babu zetu, kwa mawe ya mto. Zinaweza kufa kimya kimya tukiwa tunapigia kelele jina la mwalimu mkuu.

Dakika zimeisha, mwenyekiti ananionyesha simu. Naona kuna mkono. Mama, karibu.

Hapa ndipo hotuba iliishia, lakini lazima niwaandikie alichosema, kwa sababu kilinipita. Alisimama, mama wa makamo, leso begani. Aliuliza kwanza kama mimi ni wa kwa nani, nikamweleza, akaridhika. Kisha akasema:

"Mwanangu, mimi sikusoma kama wewe. Lakini nikipeleka majani kituoni napewa risiti siku hiyo hiyo. Kilo ngapi, imeandikwa. Zikirudishwa naambiwa papo hapo ni kwa nini, na kesho naenda kuchuma vizuri. Mtoto nampeleka miaka minne. Ripoti inakuja mwisho wa muhula inasema yeye ni wa thelathini na moja kati ya hamsini na nne. Mimi nifanye nini na thelathini na moja? Niwaambieje wale thelathini wapungue? Kwa nini shule isinipe risiti?"

Nikamuuliza angetaka risiti hiyo iandikwe nini. Akafikiria kidogo.

"Iandikwe tu, mwezi huu hajaelewa hiki, na sisi walimu tutafanya hivi. Na mimi mama yake nifanye hivi. Kama hakuna kitu naweza kufanya, waandike hakuna, nilale."

Yule mwalimu aliyekuwa akitikisa kichwa alimuuliza, kwa heshima, anajua mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Akitaja madarasa yake manne, walifika zaidi ya 200. Mama akamjibu kwamba karani wa kituo naye ana wakulima wengi. Ukumbi ukacheka, mwalimu pia. Wakaendelea kubishana mpaka nje, kando ya barabara, matatu zikipiga honi, na nilipowaacha walikuwa wamefika kwa swali la kama risiti inaweza kuwa ya darasa zima badala ya kila mtoto, ibandikwe ukutani kila mwezi. Mjumbe yule wa bodi alikuwa amesimama nao, akiandika kwa mkono wake wa kushoto juu ya bahasha.

Mkutano wa wazazi wa shule yake ni mwezi ujao. Amenialika. Nitaenda kukaa nyuma, na nitawaletea hapa kilichosemwa.